Je, Unaweza Kuipenda Filamu Ambayo Huiamini?

*"Habari za kazi, mwalimu. Rafiki yangu aliyesomea Ujerumani alinipa filamu ya Kijerumani, Das Leben der Anderen, ile ya polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, akaniapia kwamba sitaona nyingine kama hiyo. Mara ya kwanza nilipitiwa na usingizi. Mara ya pili niliimaliza, lakini sikuiamini. Afisa ambaye mwanzoni anawafundisha vijana namna ya kumnyima mtu usingizi mpaka aseme, anasikia piano, chozi linamtoka, basi kashakuwa mtu mwema? Halafu macho yangu yote yalikuwa kwenye maandishi ya chini, picha zikanipita. Je, tatizo ni mimi, au watu wanaisifu kwa kuwa ilipata Oscar? Nina jambo jingine. Baba yangu aliwekwa kizuizini miaka ya 80 na hapendi kuyazungumzia. Amesikia habari za filamu hii na anataka tuitazame pamoja. Nimwekee?"*

Hapana ndugu yangu, tatizo si wewe. Kulala mara ya kwanza kunasameheka: filamu ina dakika 137, sehemu kubwa yake ni mtu amekaa kwenye kiti anasikiliza. Na kutoamini kwako kumewahi kusemwa na watu wanaoijua Stasi, yaani hao polisi wa siri, kuliko mimi na wewe. Ila nadhani umekasirikia sehemu ambayo filamu yenyewe haijaisema. Nitakueleza, kisha tumfikie mzee, maana hilo ndilo swali lako zito. Asiyeitazama bado aishie hapa, kwa sababu sitaficha mwisho.

Oscar kwanza, tuimalize. Filamu ilitoka 2006, ikiwa kazi ndefu ya kwanza ya Florian Henckel von Donnersmarck, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Tuzo ilisaidia ifike mpaka kwa rafiki yako. Haikulazimishi wewe kuipenda, na nimeona filamu zenye tuzo hiyo hiyo ambazo leo hakuna anayezitaja.

Sasa piano. Watu wengi wanaisimulia kama ulivyoisimulia: kachero mkatili, muziki, chozi, toba. Mkurugenzi mwenyewe amechangia, kwa sababu wazo lote lilimjia kutokana na kisa cha Lenin, ambaye inasemwa alimwambia mwandishi Gorky kwamba hathubutu kuisikiliza sana Appassionata, sonata ya piano ya Beethoven, itamlainisha ashindwe kuyamaliza mapinduzi. Mwandishi Dreyman anakisema kisa hicho ndani ya filamu. Lakini rudia kutazama kinachotokea kabla ya Dreyman kukaa kwenye piano, utaona kwamba yule afisa, Wiesler, ameshaanza kuyumba, tena kwa sababu ambayo haina utukufu wowote.

Kumbuka ni Wiesler mwenyewe, pale kwenye ukumbi wa maigizo, anayemtilia shaka Dreyman kabla ya mtu yeyote. Hajatumwa. Anaamini kazi yake kwa moyo wote, anaishi peke yake katika nyumba isiyo na kitu, na chama ndicho dini yake. Kisha anagundua kwamba Waziri Hempf anataka Dreyman apelelezwe kwa sababu anamtamani mpenzi wake, mwigizaji Christa-Maria. Bosi wake Grubitz anajua na hajali, yeye anawaza cheo. Hilo ndilo pigo la kwanza: muumini amegundua kuwa msikiti wake unatumika kama danguro. Na anachofanya hapo si wema hata kidogo. Anachezea waya wa kengele ya mlango ili Dreyman ashuke chini amwone Christa-Maria akitoka kwenye gari la waziri. Anataka kuona mtu akiumia. Ndivyo anavyoanza kuingilia maisha aliyotakiwa kuyasikiliza tu.

Baada ya hapo ndipo upweke unapojitokeza. Anamwita kahaba nyumbani, anamwomba akae kidogo zaidi, mwanamke anamwambia ana mteja mwingine. Anaingia kwa Dreyman kwa siri na kuiba kitabu cha mashairi ya Brecht. Halafu anajiua Jerska, mwongozaji wa maigizo aliyenyimwa kazi kwa miaka, na hapo ndipo Dreyman anakaa kwenye piano na sonata inapigwa. Kwa hiyo chozi lile limekuja limechelewa. Linamkuta mtu ambaye imani yake imeshaingia ufa.

Na hata baada ya chozi hageuki mtakatifu. Siku chache baadaye anakutana na mtoto kwenye lifti, mtoto mwenye mpira, anayemwambia baba yake husema watu wa Stasi ni wabaya, wanafunga watu. Wiesler anafungua mdomo kuuliza, "Anaitwa nani…" Anasita. Kisha anamalizia: anaitwa nani mpira wako? Mazoea ya kuuliza jina la baba yamefika mpaka kwenye ulimi, yamerudishwa nyuma kwa nguvu. Mkurugenzi angeweza kuweka hotuba hapo. Ameweka swali la kipuuzi la mpira, na mimi naona hilo linasema zaidi ya chozi.

Nenda mbele zaidi. Wakati Christa-Maria amekamatwa, anayemhoji ni nani? Ni Wiesler huyu huyu, Grubitz akiwachungulia kupitia kioo. Anambana kwa ufundi ule ule wa mwanzo wa filamu na anapata alichotaka: mahali ilipofichwa taipureta ambayo Dreyman aliitumia kuandika makala ya siri. Kisha anawahi kwenda kuiondoa. Upekuzi unakuja, kizingiti kinafunguliwa, hakuna kitu. Lakini Christa-Maria hajui kwamba imeondolewa. Anakimbilia barabarani na kugongwa na lori. Wiesler amemwokoa mmoja na kumpoteza mwingine kwa mkono huo huo. Anayeiita hii hadithi ya mtu mwema ameizima televisheni mapema.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani kilikupita ukiwa unasoma maandishi ya chini. Dreyman na wenzake wanaijaribu nyumba: wanajifanya wanamtorosha mtu mpakani kwa gari, kwa sauti, ili waone kama gari litasimamishwa. Wiesler anasikia yote, ameshika simu, anaamua safari hii tu asiripoti. Gari linapita. Basi wao wanashawishika kwamba nyumba haina vinasa sauti, na kuanzia hapo wanaongea bila hofu juu ya makala ya siri wanayotaka ichapishwe Magharibi. Huruma yake ndiyo iliyowapa ujasiri unaowaangamiza. Hakuna mtu ndani ya chumba kile anayejua anaishi kwenye fadhila ya nani.

Sasa tuje kwenye haki yako ya kutoamini. Hubertus Knabe, aliyeongoza makumbusho ya gereza la Stasi la Hohenschönhausen mjini Berlin, alimkatalia mkurugenzi kupiga picha humo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuijibu: hajulikani afisa hata mmoja wa Stasi aliyemwokoa mtu aliyekuwa akimpeleleza kwa namna hii. Na mfumo wenyewe ulijengwa usiruhusu. Katika filamu Wiesler anahoji, anafundisha chuoni, anasimamia uwekaji wa vinasa sauti, anasikiliza na anaandika ripoti. Kwa kweli kazi hizo zilikatwakatwa baina ya idara, kila mmoja akijua kipande chake, na wapelelezi wakipelelezwa. Afisa aliyeyumba alijua kinachomngoja. Werner Teske, kapteni wa Stasi aliyekusudia kukimbilia Magharibi, alipigwa risasi gerezani Leipzig mwaka 1981, wa mwisho kutekelezewa hukumu ya kifo katika nchi hiyo. Ukilinganisha na hilo, Wiesler kushushwa kwenda kufungua barua kwa mvuke kwenye chumba cha chini ni adhabu ya ndotoni.

Kwa hiyo mimi naisimamia filamu wapi? Naitazama kama hekaya iliyowekwa ndani ya nyumba ya kweli. Afisa mwokozi ni hekaya. Nyumba ni ya kweli, na nyumba ndiyo inayonirudisha kuitazama.

Ukitaka kuiona, mwache Wiesler uwatazame waliomzunguka. Kuna jirani, mama Meineke, anayechungulia kwenye tundu la mlango wakati makachero wanaingiza nyaya. Wiesler anavuka ukumbi na kumwambia maneno machache: ukisema neno moja, binti yako Masha anapoteza nafasi yake chuo kikuu. Kisha anamwagiza mwenzake mama huyo apelekewe zawadi kwa ushirikiano wake. Hakupigwa. Hakukamatwa. Na hata hakuulizwa kama anakubali. Siku ya sherehe ya Dreyman, Dreyman ameshindwa kufunga tai aliyopewa na Christa-Maria, anamwona jirani kwenye ngazi, anamwomba amfungie. Mama anafunga, mikono inatetemeka. Dreyman, akitaka tu mpenzi wake asijue kwamba hajui kufunga tai, anamuuliza kwa utani: unaweza kutunza siri? Simamisha filamu hapo umtazame yule mama usoni. Kama kuna sekunde kumi za sinema zinazoeleza maisha chini ya Stasi, ni hizo.

Namna ya kufanya kazi kwa mfumo ule ilikuwa hiyo. Hadi 1989 Stasi ilikuwa na watumishi wa kudumu wapatao 91,000 katika nchi ya watu takriban milioni 16, pamoja na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000: majirani, wafanyakazi wenzako, wachungaji, mara nyingine mume au mke. Kufikia miaka ya 70, nchi ikitaka kutambuliwa kimataifa, kumpiga mtu hadharani kulikuwa kunaharibu jina. Mwaka 1976 wizara ikatoa mwongozo rasmi wa kumvunja mtu bila kumfunga: mnyime kazi bila kueleza sababu, sambaza uvumi, mgombanishe na rafiki zake, mfanye ajitilie shaka akili yake. Walichohitaji ni kujua tu unapenda nini. Mama Meineke anampenda binti yake. Jerska anapenda kazi yake. Christa-Maria anaogopa kukosa jukwaa, na anatumia vidonge ambavyo wao wanajua anavipata wapi. Kila mtu kashikwa na kile asichoweza kuishi bila yake, na mshikaji hapandishi hata sauti.

Ndiyo maana nasema mtazame Christa-Maria kuliko mtu yeyote. Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba filamu inamtumia yeye kama sadaka ili wanaume wawili wapate kuheshimiana, na sidhani wamekosea. Anasaliti, anakufa, na mwisho wa filamu ni kitabu ambacho mwanamume anamtabarukia mwanamume. Lakini Martina Gedeck anaigiza woga wake kwa namna ambayo huwezi kumlaumu huku ukijua nini amefanya. Hilo halina hekaya. Majalada yalipofunguliwa kwa watu waliopelelezwa, kuanzia Januari 1992, maelfu walikaa kwenye meza kama ile anayokaa Dreyman, wakasoma ni nani kati ya wapendwa wao aliyeandika ripoti. Kilomita 111 za majalada. Wengine waliamua wasisome kabisa.

Juu ya maandishi ya chini. Sisi tuliokulia kwenye filamu za DJ Afro tumezoea sauti inayotueleza kila kitu, mpaka anachowaza adui. Filamu hii ingekufa mikononi mwa msimulizi, kwa sababu Wiesler karibu haongei, na kunyamaza kwake ndiko uigizaji wenyewe. Ulrich Mühe, anayemwigiza, alikuwa mwigizaji wa Berlin Mashariki kweli kweli. Aliwahi kuwa askari mlinzi wa Ukuta akiwa kijana, na Novemba 4, 1989 alikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani kwenye maandamano makubwa ya Alexanderplatz. Alipokuwa akiulizwa alijiandaaje, alijibu kwamba alikumbuka tu. Alifariki Julai 2007, miezi michache baada ya ile Oscar. Uso wake unasogea milimita moja na wewe uko chini ya skrini unasoma.

Basi fanya hivi. Yasome maandishi kama unavyosoma mabango ukiwa ndani ya matatu: jicho linyakue, lirudi juu mara moja, neno likikupita liache lipite. Hadithi unaijua tayari. Safari ya tatu zima kabisa tafsiri katika sehemu zote za kule darini Wiesler anakosikilizia, usikilize anachosikia yeye. Na fuata rangi. Nchi nzima humo ni kijani kilichofifia, kahawia na kijivu, halafu inaingia taipureta ndogo kutoka Magharibi ambayo utepe wake ni mwekundu tu, hakukupatikana mwingine. Miaka kadhaa baadaye Dreyman anafungua jalada lake, anafika kwenye ripoti ya mwisho, na pembeni ya karatasi kuna alama ya kidole, nyekundu. Hapo ndipo anajua ni nani aliyeiondoa taipureta. Hakuna maneno hata moja, na kama ulikuwa unasubiri maandishi ya chini, imekupita.

Ukirudia yote hayo na bado ukasema hapana, usijilazimishe. Tafuta Barbara ya Christian Petzold, ya 2012, kuhusu daktari aliyehamishiwa mkoani kama adhabu kwa kuomba kuhama nchi. Huko hakuna afisa wa kukuokoa. Kuna upepo, baiskeli, na mtu anayekungoja nje ya mlango wako. Wapo Wajerumani wengi wanaoipenda kuliko hii, na siku nyingine nami nimo. Goethe-Institut ya Nairobi huonyesha filamu za Kijerumani na ina maktaba, waulize. Filamu kama hizi zinatazamika vizuri zaidi ukiwa na watu wa kubishana nao baadaye.

Halafu mzee.

Usije ukafikiri kwa kuwa ni Ujerumani atakuwa mbali nayo. Hatukuwa mbali sana hata kwa historia: Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema 1964, majumba ya Michenzani ni alama ya urafiki huo, na Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alisafiri mwenyewe kwenda huko mwaka huo. Kwa baba yako njia ni fupi zaidi. Sijui alikuwa wapi, lakini Mkenya wa rika lake akisikia mlango wa chuma unafungwa kwenye korido hafikirii Berlin, anafikiria Nyayo House, lile jengo la Nairobi walikoteswa watu. Filamu haina vipigo. Ina mtu anayehojiwa saa baada ya saa bila kulala, dakika tano za mwanzo kabisa. Ina mtu aliyejiua. Na ina watu wanaosaliti wapendwa wao, jambo ambalo kwa aliyewahi kuwekwa ndani huenda likawa zito kuliko kipigo, kwa sababu huenda naye ana jina moja kichwani ambalo hajawahi kulitamka.

Maadamu ni yeye aliyeomba, usimkatalie. Ni mtu mzima, na kumkingia kitu alichokitaka ni kumnyang'anya tena uamuzi. Ila mwambie kabla yaliyomo, kwa maneno ya kawaida: kuna kuhojiwa mwanzoni, kuna mtu anajiua katikati, kuna mwanamke anakufa mwishoni. Wekeni mchana, si usiku. Rimoti iwe mkononi mwake. Kama ni ndefu mno, pa kukatia pazuri ni baada ya ile sonata. Na usimuulize, "Ilikuwa hivi?" Akitaka kusema atasema, na akianza usimsahihishe miaka wala majina. Huenda akacheka mahali ambapo wewe hucheki, pengine pale afisa kijana anapotoa utani wa Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, kwenye kantini akakumbuka nani ameketi mezani. Waliopitia mambo haya huwa wanaona vichekesho tusivyoviona sisi.

Siku moja mbili za ukimya au ndoto mbaya si ajabu. Lakini ukiona wiki mbili zimepita halali, anashtuka akisikia mlango, anakwepa watu, au ameanza kunywa kuliko kawaida yake, usikae ukisema atazoea. Mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, hospitali ya kaunti ni pa kuanzia. Nairobi kuna IMLU, shirika linalowahudumia manusura wa mateso na lina watu waliozoea kusikiliza wazee wenye historia kama yake. Akitamka kwamba amechoka kuishi, hapo hakuna kungoja wiki: usimwache peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe pia, ukisikia kwake mambo ambayo hukuwa unayajua, una haki ya kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Watoto wa waliofungwa huwa hawahesabiwi, na wao ndio waliokuwa wakimngoja nyumbani.